Yungiyungi Nyuma ya Choo

Nedyalka aliwapikia uji watoto wa chekechea ya kijiji cha Gorna Polyana kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita msanii. Alikuwa na tabia moja tu ya ajabu: kila ua alilolipenda alilikausha ndani ya kitabu kizito, akalibandika kwenye karatasi, kisha akaandika chini yake kwa penseli lilikotoka.

Mchoraji Iskra alikuja kutoka mji wa Sofia kuandaa maonyesho ya hisani, picha za mimea ziuzwe ili liokolewe yungiyungi la manjano lililotoweka mlimani. Alipoziona karatasi zile alishika kifua.

"Mama, hii ni sanaa tupu!"

"Ni majani makavu, mwanangu. Ila kama unayataka, beba."

Siku ya ufunguzi Nedyalka alivaa gauni aliloshonewa kwa harusi ya bintiye, akaleta na sinia mbili za banitsa, mikate ya jibini, asije akaonekana amekuja mikono mitupu. Mgeni rasmi alikuwa Hristo, mkuu wa hifadhi ya mlima, ambaye utotoni alikuwa akimwaga uji wake chini ya meza. Alihutubia kwa uchungu. Wataalamu, alisema, walichunguza miaka tisa wakambaini mkosaji: mbuzi. Ndiyo maana mbuzi wa kijiji walipigwa marufuku mlimani. Wenye mbuzi, waliosimama nyuma, waliinamisha vichwa kama waliofumaniwa.

Kisha akaanza kuzikagua picha. Mbele ya karatasi moja akaganda. Ua la manjano, na chini yake penseli: "Yungiyungi, mwamba wa juu. Nimeyang'oa yote, yalikuwa yanapigwa na upepo bure."

"Bibi Neda," alinong'ona, "huu ni mwandiko wako?"

"Wa nani tena?"

"Uliyang'oa yote?"

"Na matunguu yake ya mizizini. Ningemwachia nani?"

"Mbuzi wangu!" mzee Spas alipaza sauti kutoka nyuma. "Nilichinja mbuzi kumi na mmoja, Neda! Na supu yao ulikunywa!"

"Nilikunywa, na chumvi haikutosha."

Iskra alikuwa mweupe kama chokaa. Hristo alijifuta jasho. "Sasa hayo matunguu yako wapi?"

"Nyuma ya choo changu. Yamezaana mpaka yananikera. Majirani nimewagawia, siku hizi wakiniona na ndoo wanafunga milango."

Kesho yake wataalamu walifika na kamba zao za kupimia. Wakahesabu mayungiyungi mia tatu na kuandika kwamba mahali pale palichaguliwa kwa ustadi mkubwa. Marufuku ya mbuzi ikaondolewa, ingawa mbuzi wenyewe walikwisha kuliwa. Fedha za maonyesho zikajenga uzio wa chuma, ukazunguka maua yote, na choo ndani yake.

Nedyalka alipewa cheti cha mlinzi wa mimea adimu, pamoja na bunda la fomu za kuombea ruhusa ya kuingia. Fomu ya kwanza aliijaza kwa unyenyekevu. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Tangu hapo huvuka njia kwenda kwa dada yake Velika, ambaye humpa ufunguo wa choo chake na kumwambia asikae sana.