Anayefunga Msafara

Kwa miaka minne nimekuwa mtu wa mwisho. Simaanishi kanisani, ambako hufika hata kabla ya mchungaji. Namaanisha barabarani. Kundi letu la pikipiki lina watu kumi na mmoja, na Jumamosi moja kila mwezi tunatoka mjini kwenda mbali kidogo, kula nyama na kupigwa na upepo. Nahodha hutangulia, mimi nafunga msafara. Tukiwa tayari nazihesabu pikipiki zilizo mbele yangu, na zikitimia kumi, namwinulia nahodha mkono tuondoke.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu sina haraka. Mume wangu aliaga dunia, watoto wana makwao, na nyumba yangu ni kimya kiasi kwamba friji ikinguruma nashtuka. Msusi wangu pale Kenyatta Market anajua asinifungie nywele juu, helmeti isije ikakataa kuingia. Hunicheka: "Mathe, kwani wewe huogopi hiyo kitu?" Namwambia ninachoogopa ni Jumapili mchana. Anadhani natania.

Sasa, anayefunga msafara ndiye chakula cha polisi wa trafiki. Wenzake hupita kwa kishindo kimoja, na afande akija kuinua mkono, amebakiwa na mmoja tu wa kusimamisha. Kwa hiyo tuna kanuni: wa nyuma akishikwa, wengine wanamngoja kwenye kituo cha petroli kinachofuata. Dakika kumi zikipita, mmoja anarudi kumtafuta. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya mvua. Tulitoka Westlands asubuhi, tukapita Kawangware, tukielekea Kiserian. Tulipovuka soko la Dagoretti, karibu na vichinjio, afande mmoja kijana akanisimamisha. Alikagua leseni, akakagua bima, akazunguka nyuma.

"Madam, taa yako ya breki haishiki."

Nilibonyeza breki mara tatu. Alikuwa anasema kweli.

"Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Sasa hao wengine wameenda wapi?"

"Wananingoja hapo mbele kwa petroli. Wakiona siko, watarudi. Mmoja wao hubeba balbu."

"Si uwapigie tu?"

Hapo ndipo kiburi kilipopanda. Simu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji. Nilimwambia hakuna haja, watu wangu nawajua. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Kwa miaka minne nimewarudia waliopata pancha, waliozidiwa na jua, hata yule aliyesahau simu chooni Narok. Nilitaka, mara moja tu, mtu agundue sipo bila kuambiwa.

Afande akaandika kwenye daftari lake jina langu, namba ya pikipiki na saa, akaniambia niegeshe kando. Dakika kumi zikapita. Wanaume wa bodaboda walinipita na masanduku ya nyama. Dakika ishirini. Nikajiambia mvua imewachelewesha. Nusu saa. Nikajiambia labda wamekosea njia, watu kumi wote, kwenye njia tunayoipita kila mwaka. Kila ngurumo ya pikipiki kutoka mbele ilinifanya nisimame wima na kurekebisha koti, na kila mara alikuwa mtu wa nyama. Afande akanunua njugu, akanipa pakiti moja. Nilichukia kuonewa huruma na mtu wa umri wa kitinda mimba wangu, lakini njugu nilizitafuna.

Baada ya saa nzima na zaidi simu ikatetemeka. Ilikuwa picha kwenye grupu yetu: meza ndefu Kiserian, sinia za mbuzi, watu wa klabu nyingine wamejiunga, vicheko hadi pembeni mwa picha. Kwa mazoea nikahesabu nyuso za kwetu. Kumi. Chini yake nahodha alikuwa ameandika: "Tumefika wote salama. Hatukusimama kwa petroli, mvua ilikuwa kali. Asante sana dada yetu kwa kufunga msafara."

Wengine walikuwa wameweka mioyo.

Sikukasirika mara moja. Kwanza nilielewa. Mganga hajigangi, na anayehesabu pikipiki hahesabiwi na mtu. Kumi ndiyo hesabu niliyowafundisha kwa miaka minne. Walitazamana, wakajiona wako kumi, mambo yakawa sawa. Kisha nikakasirika, na baada ya hasira nikasikia upweke kama ule wa wiki ya kwanza baada ya matanga, wageni wanapomaliza kurudisha viti.

"Wamesema nini?" afande akauliza.

"Wamefika."

Aliangalia simu mkononi mwangu, halafu akaangalia barabara. Akafunga daftari.

"Enda tu, madam. Lakini si Kiserian na hiyo taa. Rudi nyumbani polepole. Na uambie mtu akae nyuma yako, ndio gari isikugonge ukifunga breki. Nani ako nyuma yako?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mimi ndiye huwa nyuma."

Alitembea hadi katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili, akasimamisha lori la ng'ombe upande huu na magari yote upande ule. Madereva wakapiga honi. Yeye akasimama pale pale kwenye mvua, akinisubiri nigeuze.

Niligeuza. Nililia ndani ya helmeti mpaka Kawangware, na sikuweza kujifuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye klachi na mwingine kwenye breki.