Kinanda cha Chaki

Jumanne, tarehe 9 Juni. Mawingu, bila mvua. Kinanda cha jirani yangu, mwalimu wa muziki, kilikuwa bado kwa fundi, kwa hiyo aliwafundisha watoto kwenye meza ya chakula, aliyoichora vitufe kwa chaki. Husikiliza amefumba macho, kidole kikigonga mapigo gotini. Siku hiyo baba wa mwanafunzi wa miaka sita aliingia somo likiendelea.

"Mwalimu, nimekuja kumwachisha mwanangu masomo. Meza tunayo nyumbani."

"Subiri kidogo, baba. Bado hajafika pazuri."

Binti, vidole juu ya vitufe vya chaki, akasita. "Nimekosea, mwalimu."

"Nimesikia. Rudia."

Baba, ambaye hakuwa amesikia kitu, akavuta kiti, akatega sikio.

Kesho yake asubuhi mwalimu alichora kinanda cha pili kando ya kile, chenye vitufe vipana vya kutosha vidole vya mtu mzima.