Namba Niliyoisoma Nikiwa Kitandani

Nilidanganya kuhusu trekta. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama baba wa watu hangekosa harusi ya mwanawe kwa sababu yangu.

Mimi ni mtu wa ndani. Hata kule Kenya, nilipomaliza kidato cha nne, mamangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mvua ikinyesha mimi husimuliwa. Nilipokuja Jeddah, mtaa wa Al-Safa, kufanya kazi ya nyumbani, wenzangu niliokuja nao walilia kwamba tunafungiwa. Mimi nilipewa chumba chenye AC nikasema alhamdulillahi, na ni Mkristo.

Bosi wetu tunamwita Baba. Asili yake Unguja, wazee wake walihamia huku zamani, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Ugonjwa wake ni trekta kuukuu za bustani, zile ndogo za kukatia nyasi. Alikuwa nazo mbili za kampuni moja. Moja ilifanya kazi shambani kwake nje ya Riyadh. Nyingine, ya marehemu babake, ilikaa ua wa nyuma hapa Jeddah chini ya turubai. Aliziita mapacha. Boneti nyekundu, taa mbili za mviringo, usukani mwembamba, zote vile vile.

Shamba lilitunzwa na Hamisi, mtu wa Kwale niliyemjua kwa simu tu. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Baba alikuwa amemwahidi ruhusa ya kusafiri, na huku kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, asipoidhinisha karatasi hutoki. Sharti lilikuwa moja: trekta ya shamba, ambayo injini ilikuwa imekufa, iwe inanguruma kabla hajaondoka.

Mchana mmoja, baada ya kuosha vyombo, Hamisi akanipigia.

"Dada, nataka kumwomba Baba injini ya hiyo ya huko. Lakini kuna modeli mbili zinazofanana sana. Inua kiti, utaona kibati cha namba. Ya huku inaishia na nane. Hiyo ikiishia na saba, injini yake haiingii."

"Jua lote hili, kaka Hamisi?"

"Wewe na hicho kitanda mlifunga ndoa lini? Nenda bwana."

Nikasema naenda. Kwenda maana yake ni kuvaa abaya, kumwomba madam, mkewe Baba, ufunguo wa mlango wa nyuma, halafu kupambana na turubai lenye vumbi la miaka. Nikabaki nimelala. Nikafungua picha za trekta zote mbili kwenye simu, nikazilinganisha kama fundi mwenye cheti. Boneti, sawa. Taa, sawa. Hata magurudumu nilihesabu, labda mojawapo ina matano. Nikangoja dakika kumi ili ionekane nimetoka, nikaandika: "Nimeisoma. Nane."

Baba alikubali kwa shida, kwa kuwa ilikuwa ya babake. Fundi akaja. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, akakata vishikio vya injini kwa msumeno, na injini ikapakiwa kwenye lori hadi Riyadh.

Haikuingia. Shafti yake ilitokea ubavuni, na trekta ya shamba inataka itokee chini. Wale mapacha walikuwa binamu tu.

Baba alikuwa hapa Jeddah siku hiyo. Akaenda ua wa nyuma, akainua kiti, akapangusa kibati kwa kanzu yake. Saba. Akaingia jikoni simu ikiwa kwenye spika. Mimi nafunga sambusa.

"Hamisi, nani kasoma namba hii?"

Nikajua sasa natajwa.

"Ni mimi, Baba. Nilitumiwa picha, nikaisoma vibaya."

"Trekta ya marehemu umeniulia. Basi husafiri mpaka uzitengeneze zote mbili. Halas, yameisha."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikachukua manda nyingine, nikafunga sambusa nyingine. Pembe zake zilikaa vizuri kweli.

Harusi ilifanyika. Kumwozesha binti ni haki ya baba mzazi. Hamisi ilibidi amwachie mdogo wake, akaitazama ndoa kwenye simu, amesimama katikati ya mitende ya mtu mwingine. Madam ndiye aliyenisimulia, kama habari tu. Siku ile sikula, na anayenijua anajua hiyo ni habari kubwa.

Wiki ile ile nikamtumia Hamisi ujumbe wa sauti. Nikasema yote: kitanda, picha, zile dakika kumi. Akanipigia. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Nilijua, dada. Tangu injini iliposhushwa."

"Mbona ulinibebea?"

"Mimi wangeninyima likizo. Wewe ungerudishwa kwa wakala, na sijui wangekupeleka nyumba ya nani. Nikajiambia, atasema mwenyewe. Nilikungoja mpaka kadhi alipoketi."

Jana nimemwambia Baba pia. Alinitazama, akatoka. Begi langu nimeshalifunga, wakala akiitwa anikute tayari.

Wewe unayesoma hii umejinyoosha, ukiambiwa nenda ukaangalie, inuka uende. Na kama umeshadanganya, sema upesi, mtu angali anaweza kuwahi ndege. Mimi nilisema bibi harusi akiwa ameshafika kwa mumewe.