Mlango wa Ukuta wa Nyuma

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tangu usichana hadi kustaafu, akikunja mashuka na kunyoosha makoti ya madaktari, na watu wakampachika jina la Mama Pasi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi. Waliomjua walielewa ni kwa sababu yake mwenyewe: ukimgusa vibaya, unaungua.

Sasa mume alikuwa ametangulia, watoto wameoa na kuolewa, na magoti yake yamegoma. Nyumba yake ilikuwa na ghorofa, na chumba cha kulala kiko juu. Kila jioni alipanda zile ngazi kwa kushikilia ukuta, akizitukana moja moja mpaka juu. Binti yake alikuwa amemtafutia kijumba karibu na kwake, kisicho na ghorofa, hata kizingiti hakina. Ili ahamie kule, ilibidi auze hapa. Basi akapatikana mnunuzi, muuza matairi mwenye maduka mawili na sauti ya mtu mwenye matano. Wakaafikiana bei. Kikabaki kitu kimoja tu, nyumba ikaguliwe.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Aligongagonga kuta, akamulika chini ya sinki, akapanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani, akanywa chai, akashukuru. Mama Pasi akampenda kabisa. Kumbe! Baada ya siku chache dalali akaja na ripoti mkononi, na juu yake barua ya mnunuzi, ati haya ndiyo anayotaka yatengenezwe kabla hajatia saini.

Dalali akasoma, Mama Pasi akasikiliza huku anamenya viazi. Bati la nyuma linavuja: kweli, litabadilishwa. Nyaya za jikoni zimechubuka: kweli, na aibu ni yake, fundi umeme ataitwa kesho. Mfuniko wa shimo la maji machafu umepasuka: kweli, mtu asije akatumbukia. Dalali akaanza kutabasamu, akiona mambo yanateleza. Halafu ikaja rangi ya sebule, kwamba inachosha macho. Yakaja makabati ya jikoni, kwamba ni ya zamani. Ikaja michungwa, kwamba inaangusha majani.

Mama Pasi akaweka kisu chini. Akamwambia dalali kwamba bati ni matengenezo, na waya ni matengenezo, lakini mti kuangusha majani ndiyo kazi yake, na kama huyo bwana anataka mti usioangusha majani akanunue wa plastiki. Rangi atapaka mwenyewe akishahamia, hata nyeusi akitaka. Dalali alijaribu kumbembeleza, akaambulia kuonyeshwa mfuko wa maganda, akautupe akitoka.

"Limebaki moja tu, mama," dalali akasema. "Ule mlango mdogo kwenye ukuta wa nyuma. Anataka uzibwe kwa matofali. Anasema ni suala la usalama."

Mama Pasi akakishika tena kisu, akaendelea kumenya, na kwa anayemjua hiyo ni dalili mbaya.

Mlango ule ulikuwa na historia yake. Nyuma ya ukuta anaishi Mama Redio, mwanamke asiyeweza kulala na habari tumboni. Yeye na Mama Pasi hawakuwa wakisalimiana kwa miaka. Mama Redio ndiye aliyetangaza mtaa mzima kwamba mume wa Mama Pasi ana nyumba nyingine na watoto upande wa pili wa mji. Na kibaya zaidi, ilikuwa kweli. Uongo ungesameheka. Mama Pasi alimzika mume wake huku anajua kwamba kila aliyekuja kumpa pole alishazisikia habari zile kabla yake yeye mwenye nyumba, na hilo lilimkaa kooni mpaka leo.

Lakini mume wa Mama Redio ni mtu mwingine. Fundi saa, mtaratibu, hajawahi kumkosea mtu. Siku alipopigwa na kiharusi, njia yao ya kutokea ilikuwa moja tu, ya upande wao wa pili, ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtaroni, nyembamba hata wawili hawapishani. Vijana wakamfunga kwenye shuka, wakampitisha juu ya ukuta wa Mama Pasi kama gunia, naye anawatazama kwa jicho moja linalotoa machozi. Mama Pasi alikuwa amesimama chini, mikono juu, akimpokea. Kabla mgonjwa hajarudi kutoka hospitali, Mama Pasi alikuwa ameshaleta fundi mwashi, ukuta umetobolewa, mlango umetiwa. Tangu hapo mzee anasukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anapita ubavuni mwa nyumba ya Mama Pasi hadi barabarani, anakwenda kliniki. Mama Redio ndiye anayesukuma, pua juu, hasemi asante. Mama Pasi naye hafungui dirisha.

"Mwambie hapana," Mama Pasi akamwambia dalali.

Habari zikafika kwa binti, naye akaja mbio. Akamsihi mama yake afikirie magoti. Akamkumbusha kwamba kile kijumba kina mtu mwingine anayekitaka, na kwamba wanunuzi hawaoti kwenye michungwa. Akamwuliza kama anapoteza kila kitu kwa ajili ya mwanamke aliyemwanika mbele ya watu.

"Yule mwanamke simpendi," Mama Pasi akasema, "na nitakufa simpendi. Lakini shemeji yangu hapitishwi tena juu ya ukuta. Nilimpokea kwa mikono hii. Nyie hamkumwona macho."

Binti akachukua mkoba wake, akaenda zake. 

Kesho yake Mama Redio akabisha hodi, mara ya kwanza tangu enzi hizo. Alikuwa ameshapata habari, bila shaka kabla ya dalali mwenyewe. Hakuja kushukuru, thubutu! Alisimama mlangoni kashika kiuno, akasema hahitaji huruma ya mtu, mlango uzibwe hata leo, wao watapita kule kwenye ngazi zao. Mama Pasi akamwuliza ni nani aliyemwomba maoni. Wakatupiana mawili matatu ya zamani, majirani wakajifanya wanaanua nguo zilizokuwa bado zinachuruzika maji.

Mama Pasi alikuwa ameshapiga hesabu zake. Mnunuzi akishakuwa na hati, ataziba mlango asubuhi yake, hata kama leo atakubali kwa mdomo. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akaenda ofisi ya ardhi. Akasema anataka kukata ule ujia wa ubavuni, kutoka mlangoni hadi barabarani, uunganishwe na kiwanja cha jirani, bure. Karani akamwuliza mara mbili kama amesema bure. Akaambiwa jirani lazima atie saini kukubali.

Mama Redio akakataa katakata. Kupewa kitu na yule? Bora aote mabawa. Lakini kiwanja kilikuwa kwa jina la mzee. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Siku mpima ardhi alipofika na karatasi, mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba kalamu. Mkewe akaanza kufoka. Mzee akaandika jina lake polepole, herufi zimelala kila upande, akamaliza. Hakumwangalia mkewe hata mara moja.

Muuza matairi alipokuja kuhitimisha, bati lilikuwa jipya, nyaya mpya, mfuniko mpya, na ubavuni mwa nyumba mpima ardhi ameshapanda mawe ya mpaka. Akauliza hivi ni vitu gani. Mama Pasi akamweleza bila kupepesa macho kwamba bei imepungua kadiri ya ujia ule, si zaidi, na kwamba mlango alioomba uzibwe si wa Mama Pasi tena, kwa hiyo akamwombe mwenyewe. Bwana yule akapandisha sauti ya maduka matano. Akadai kuonana na huyo mwenyewe sasa hivi.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mzee alikuwa ameegeshwa pale katikati ya ujia, kwenye kiti chake, blanketi magotini, mke wake nyuma yake.

"Nani mwenye njia hii?" muuza matairi akauliza, akimtazama mwanamke.

Mdomo wa mzee ukahangaika. Mkewe akataka kumjibia, kama kawaida yake, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga kinywa, akasubiri.

"Mimi," mzee akasema.

Muuza matairi akawatazama wote watatu, akakunja karatasi zake, akaingia kwenye gari. Dalali akamfuata mbio hadi kona, akarudi peke yake, akapita bila kuaga.

Mama Pasi akabaki na nyumba yake yenye bati jipya. Ilimuuma, asidanganye mtu. Akageuka, akaingia ndani, akashika ukuta wa ngazi, akaanza kuitukana ya kwanza. Akasikia hatua nyuma yake.

"Lete mkono," Mama Redio akasema.

"Sikukuita."

"Najua. Lete mkono."

Mama Pasi akafikiria kumrudisha kwao. Goti likamkumbusha ngazi zilizobaki. Akampa mkono, wakapanda, mmoja akihema na mwingine akimhesabia pumzi, na walipofika juu Mama Redio akaketi kitini bila kukaribishwa.