Mashine Iliyokatazwa Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha sabuni, Mikocheni, mhandisi mkuu alinipa saa ya kupimia muda na swali moja: "Mashine inafanya kazi, au inapiga kelele tu?" Nikadhani ananitania.

Kazi yangu ilikuwa kupima ufanisi wa mashine. Siku hizi kompyuta inawasomea vijana vipimo hivyo. Sisi tulisimama kando ya mashine tukiuliza mambo matatu: imefanya kazi muda wote uliopangwa? Imekwenda kwa kasi yake? Na sabuni zilizotoka, ni nzuri za kuuzwa?

Iliyonisumbua ilikuwa mashine kongwe ya kufungasha, iliyoendeshwa na Bi Mwanahamisi na wenzake. Ilinguruma kutwa nzima, lakini mzigo uliotoka ulikuwa haba. Meneja wa uzalishaji alishaamua: "Iuzwe chuma chakavu. Na wao wakapumzike nyumbani."

Nikasimama pale hadi nikaona. Kila baada ya muda mkanda wa kuletea sabuni ulipita mtupu, mashine ikifungasha hewa.

"Bi Mwanahamisi, mbona huizimi?"

"Weye mgeni!" akacheka. "Ikinyamaza tu, bosi huyo anashuka ngazi kutugombeza. Sabuni hazijaletwa, nimjibu nini? Bora ingurume."

"Ikinguruma hivi, wataiuza. Na nyie mtaondoka nayo."

Kicheko kikakatika. "Mie nina watoto, kaka'angu."

Nikamwomba Mwenyezi Mungu anilainishie ulimi, nikapanda kwa meneja.

"Bosi, iruhusu inyamaze. Ikinyamaza, shuka, ila usigombe. Uliza inasubiri nini."

Akanitazama sana. "Wiki moja tu."

Wiki ile ilinyamaza mara nyingi, na jibu likawa lilelile: sabuni zimechelewa kutoka chumba cha kukaushia, kwa kuwa kitoroli kilikuwa kimoja. Kikaongezwa cha pili. Mashine ikabaki, na watu wake.

Baadaye nilihamishiwa Temeke, chini ya wakubwa wakali na wapole, kisha nikarudishwa Mikocheni kumalizia utumishi. Siku ya kuagwa, Bi Mwanahamisi aliizima mashine kwa makusudi. Meneja mpya, kijana, akashuka ngazi mbio.

"Inasubiri nini?"

"Inamuaga mzee wetu."

Alhamdulillahi, nimestaafu salama. Baada ya swala ya alasiri hukaa kimya barazani kwangu Mbagala. Mke wangu akipita huniuliza, "Na wewe unasubiri nini?"

Namjibu, "Adhana ya magharibi."