Perege Walipozidi Bwawani

Sir alichimbisha bwawa nyuma ya nyumba mwaka wangu wa kwanza wa kazi Mirdif, kule Uarabuni, akaweka perege na kambare wawili. Alitaka watoto wajifunze kuvua. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani, lakini nilikulia kando ya bwawa la baba kule bara, Kenya, na nilipotaja jambo hilo siku moja, kulisha samaki kukawa kazi yangu.

Mtoto mdogo aliogopa sharubu za kambare. Madam akaamuru watolewe, na dereva akawapeleka sijui wapi. Nilijua ni kosa. Kambare ndiye anayekula vifaranga vya perege. Ukimtoa, perege huzaana mpaka wanakosa nafasi ya kukua. Lakini nikaitikia tu. Ugenini mtu husema "yes, madam" mpaka ulimi unazoea.

Bwawa likajaa samaki wa urefu wa kidole. Kila sir alipoona wamedumaa, aliagiza waongezewe chakula. Maji yakageuka kijani.

Agosti familia ilisafiri kwa wiki sita. Niliachiwa nyumba ya vyumba saba na agizo la kutotoka. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikipiga hodi kabla ya kuingia sebuleni, nipate tu kusikia sauti ya mtu.

Asubuhi moja niliwakuta perege juu ya maji, midomo wazi, wakigombea hewa. Wachache walikuwa wameshageuka matumbo juu. Nikampigia baba. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake, na simuni alipaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya mto.

"Ni wangapi?"

"Hawahesabiki, baba."

"Toa wadogo. Toa mpaka uwaonee huruma, halafu toa tena. Maji ya moto hayana hewa ya kuwatosha wote. Chakula nacho usiwape kwa siku mbili."

"Lakini si samaki wangu."

"Wakifa wote watakuwa wa nani?" Kisha akauliza, "Na wewe, mama, unakula na nani?"

Nikamwambia simu inaisha chaji.

Nilivua kwa pazia kuukuu la jikoni, nimezama mpaka mapajani, kila alfajiri kwa siku tatu kabla jua halijachachamaa. Wengine niliwakaanga, nikala mpaka nikakinai. Ndoo moja niliipitisha juu ya ukuta kwa mtunza bustani wa jirani, Mtanzania niliyekuwa nikimsikia tu akiongea na watu wa kwao kwa simu.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Kumbe humo mna mtu? Nilidhani wamefunga nyumba wote wakaondoka."

Nilirudi ndani nikalia, ndoo tupu bado mkononi.

Sir aliporejea alisimama ukingoni mwa bwawa kwa muda mrefu. "Samaki wangu wako wapi?"

"Walikuwa wengi mno, sir. Wangekufa wote."

"Khalas," akasema, yaani basi, yamekwisha. Wiki kadhaa zilizofuata, alichotaka kuniambia alikipitisha kwa madam.

Lakini baridi ilipoingia, perege waliobaki walikuwa wapana kuliko kiganja changu. Binti mkubwa alipomnasa wa kwanza alipiga ukelele hadi nikatoka jikoni mbio. Sir alimpima samaki mkononi, kisha akanigeukia.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Ana shahada ya samaki?"

"Analima kahawa, sir."

Alicheka, mara ya kwanza mbele yangu. Nikamweleza kazi ya kambare, na wiki hiyo hiyo akaleta mmoja, na safari hii madam hakupinga.

Nilikaa miaka miwili zaidi. Siku ya kuondoka nilimpeleka bwawani dada aliyekuja kushika nafasi yangu. Hatukuwa na lugha moja. Nikamwonyesha kwa vidole: wadogo, toa, wakubwa, acha. Akatikisa kichwa, nisijue kama ni ndiyo au hapana, akainama kuyagusa maji. Nilitamani kumweleza mengine pia, jinsi Agosti ilivyo katika nyumba ile, lakini dereva alikuwa ameshapakia sanduku langu, akaita tuondoke, "Yalla."