Siku Mama Mkwe Alipomwagilia Mchicha Wangu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ambayo hadi leo ikinijia nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu. Sikuwa na nia ya kumsimulia mtu. Lakini jana ulipita hapa na furaha zako, ukaniambia mkeo ameanza kulima mboga kule Goba na zinatoka vizuri, na kila baada ya maneno mawili nikawa nasikia "bustani yangu, bustani yangu." Basi kaa. Aibu ya mzee ikimfaa kijana, si hasara.

Nilipomwoa Mwanahawa tulihamia huku Chamazi, wakati huo ni mashamba matupu. Mie nililima mihogo huko juu kwenye mchanga, na msimu ukiisha nafanya vibarua vya ujenzi. Bondeni penye unyevu nilimwachia yeye, akapiga matuta ya mchicha na matembele. Sie wanaume tuliona mboga ni kazi ya kutafuta kitoweo tu, na mwanamume mzima haonekani na ndoo akimwagilia mchicha. Nilimtania sana. "Mama Zuhura, huo mchicha utakujengea ghorofa?" Naye hucheka, akaendelea kufunga mafungu yake na kuwauzia wachuuzi waliomfuata alfajiri.

Ujinga wangu ulikuwa hapa. Muhogo ulinipa hela mara moja kwa mwaka, ikiingia inatoka. Mchicha ulimpa yeye hela kidogo kila siku, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa sukari, mafuta ya taa, daftari la Zuhura, nauli ya kwenda hospitali. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba nzima ilikula mkononi mwake, na mie nikijiona ndiye ninayeilisha.

Akaja mnunuzi na gari lake, anapeleka mboga kwenye mahoteli ya Msasani. Akasimama njiani, akauliza, "Mwenye bustani nani hapa, braza?"

Mwanahawa alikuwa ameinama kwenye tuta, mikono imejaa matope. Nikamjibu mie: "Si ndiye mie hapa!" Mke wangu aliinua kichwa, akanitazama mara moja, kisha akaendelea kupalilia.

Tangu hapo hela ikawa inaingia mkononi mwangu kila Jumamosi, tena nzima nzima. Nikanunua redio ya spika kubwa. Nikawa mtu wa kuwalipia wenzangu kahawa barazani, naitwa tajiri, nami naitika bila haya. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mie nilikula kivulini alichochuma mwenzangu juani. Sukari ikakosekana nyumbani. Zuhura akarudishwa kutoka shule kwa kukosa daftari, na mama yake aliponiomba hela nikamfokea, "Nyie wanawake hamna subira!"

Hakugombana. Alisema tu, "Sawa, baba Zuhura. Bustani yako, basi na maji yako."

Hakushuka tena bondeni. Alipika na kufua tu. Jua likapiga, mchicha ukaanza kulala, na mnunuzi akasema atahamia kwa wengine. Mwanangu, niliona afadhali mboga zife kuliko watu wanione na ndoo! Kisha nikamkuta Mwanahawa anakunja khanga zake na kuzipanga kwenye begi. Hapo nikaogopa, lakini kiburi kikanizuia kusema.

Ndipo mama yake akaja kututembelea kutoka Kisarawe. Hakuniuliza kitu. Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia watu wanacheka bondeni. Niliposhuka nilimkuta mama mkwe, khanga ameikaza kiunoni, anachota maji kisimani na kumwagilia matuta.

Wewe unajua mkwe ni nani kwetu. Jamvi moja huketi naye, usoni humtazami, sembuse kumpokonya ndoo mkononi. Nikachutama pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia bustani yako inakauka, nikaona nije nikusaidie kibarua."

Majirani wamesimama wanatazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumzuia siwezi, kuondoka siwezi. Nikatafuta ndoo nyingine, nikajitwika kichwani, nikaanzia upande wa pili. Tuliimaliza bustani yote. Mwisho alinawa miguu, akasema huku ameelekea kwingine, "Binti yangu nilikuoza, baba. Sikukukodishia."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mie nilifunzwa na mama mkwe, na somo lake lilikuwa kali zaidi. Nilimwomba radhi nikiwa nimechutama. Jumamosi mnunuzi alipokuja nilimwambia, "Mwenye bustani yule pale." Khanga zikarudi kabatini. Mchicha ule ndio uliomsomesha Zuhura, ndio uliosimamisha hata nyumba hii tuliyokaa. Nami nilibeba maji mpaka magoti yalipokataa.

Basi nisikilize. Mnunuzi akija Goba, mwite mkeo, wewe kaa nyuma. Hela idondoke mkononi mwake, kisha mpange pamoja. Ukitaka kusema "yetu," ishike ndoo kwanza. Na usione aibu ya maji kichwani. Aibu ni kukaa kivulini ukiringia jasho la mwenzako.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma. Mama mkwe nilimwomba radhi. Mke wangu sikumwomba. Nilidhani ndoo zimekwisha kunisemea, miaka ikapita, naye hajanidai. Wewe usifanye hivyo. Ukikosa, sema kwa mdomo wako.

Mwenyezi Mungu aijaze baraka mikono ya mkeo, akupe wewe moyo wa kuiheshimu, na watoto wenu wale cha halali wakashiba. Sasa nenda, mwanangu. Mwanahawa yuko uani anachambua matembele, na mie nina neno la kwenda kumwambia.